Dola 160 za Kuambiwa Gari Linaumwa

Jana nililipa dola 160 kuambiwa kitu ambacho taa ya dashibodi ilishaniambia bure.

Corolla yangu ya 2004 ina visa wiki ya tatu sasa. Nikisimama kwenye taa nyekundu, silensa inapanda na kushuka, usukani unatetemeka, kikombe cha chai kinagongagonga. Nikikanyaga mafuta likachanganya, kimya, kama si lenyewe.

Gereji ya hapa Minneapolis ni safi kuliko sebule yangu. Kuna kahawa, televisheni, na kijana wa mapokezi anayekuita jina lako la kwanza kama mlicheza wote kombolela. Fundi humwoni. Alichomeka kifaa chini ya usukani (magari mapya hapa yana tundu hilo tangu 1996), kikamtolea P0171. Basi. Yaani injini inapata hewa nyingi, mafuta kidogo. Kwa nini? Karatasi ikapendekeza sensa mpya ya oksijeni, dola 340, "tuanze na hiyo tuone". Tuone kwa hela ya nani? Mashine inasikia mtoto analia, aliyempiga haimjui.

Nikamtumia mjomba wa Ilala sauti ya injini kwa WhatsApp. Akapiga hapo hapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Likikimbia linatetemeka?"

"Hapana."

"Likisimama tu?"

"Likisimama tu."

"Hiyo sensa iache dukani. Linavuta hewa ya wizi."

Ukiondoa mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa unajifunga na injini inanyonya kwa nguvu kama mtoto mwenye mrija ulioziba. Ufa wowote kati ya mlango huo na injini unaingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Ukikanyaga, mlango unafunguka, na hewa ya wizi inakuwa tone baharini.

Nikatoka nje na koleo, baridi digrii 20 chini ya sifuri, mjomba akiniongoza kwenye video: shuka, nyuma ya manifoldi, hapo, minya. Nikauminya mpira mfupi, urefu wa kidole, ule unaorudisha moshi wa injini. Gari likatulia. Kuuchomoa, umepasuka upande wa chini kama kisigino cha kiangazi. Mpya dola 9.

Msidhani namsifia. Ni mjomba huyu huyu aliyeifungua kabureta ya Peugeot 504 ya baba juu ya mkeka Jumamosi, akaifunga Jumapili, na skrubu mbili zikabaki kwenye kopo la Blue Band. "Hizo za ziada, shemeji." Gari likimisi, alikuwa anachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwaka, atafute ile ambayo ukiitoa hakibadiliki kitu. Alipigwa shoti mara ngapi sijui, na kila mara alicheka. Risiti? Garantii? Mama alishamwambia baba auze lile gari amnunulie cherehani. Na hawa wa hapa, haki yao niwape, wamenipa karatasi yenye garantii ya miezi 12. Ya nini hasa, ndiyo bado naisoma.

Nikamtumia mjomba picha ya mpira. Akajibu: "Nilikwambia."

Baada ya dakika mbili, sauti nyingine: "Mjomba, hiyo mashine ya kuchomeka, bei gani huko?"