Ndani ya Hema Hakuna pa Kununiana

Ukimtajia mtu Ugiriki, haraka anawaza Santorini: nyumba nyeupe, makuba ya bluu na maharusi wakipigwa picha jua linapozama. Si mbaya. Lakini msomaji wangu, kama una mwenzi, una watoto na bajeti yako ni ya mshahara, kuna Ugiriki nyingine isiyo na foleni ya kupiga picha. Iko kusini magharibi mwa Peloponnese, pwani ya Messenia, na sisi tuliionea kwenye mlango wa hema.

Tulikuwa wanne: mimi, mzee wa nyumba na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6. Wifi yangu anayefanya kazi Athens alituazima gari, hema, magodoro ya kujaza upepo na jiko dogo la gesi. Mzigo mwingine haukuonekana kwenye buti. Mume wangu alikuwa amepewa cheo kipya Mwanza, majibu yakitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na kwa wiki tatu tulikuwa tukilijadili jambo hilo kwa meseji za mistari miwili. Nyie mnaofanya kazi wote wawili mnanielewa.

Kutoka Athens mpaka Kalamata ni kama kilomita 240 za barabara safi. Njiani mnavuka Mfereji wa Korintho, uliofunguliwa mwaka 1893: mwamba umekatwa wima kwa zaidi ya kilomita 6, na meli huko chini inaonekana kama mdoli. Ndiyo, ni Korintho ile ile ya barua za Paulo, iko jirani. Ukishapita Kalamata barabara inakuwa nyembamba, na huku na huku ni mizeituni tu.

Tulipiga kambi Finikounta, kijiji cha wavuvi kati ya Methoni na Koroni. Angalia hapa: Ugiriki huruhusiwi kusimika hema popote unapojisikia, sheria inakataza. Unalipia kwenye kambi rasmi, unapata bafu, choo, sehemu ya kuoshea vyombo na kivuli. Kutoka kwenye hema letu mpaka mchangani ilikuwa hatua chache tu.

Maisha pale ni ya taratibu. Asubuhi mkate, nyanya na jibini. Mchana nyenje wanapiga kelele mitini utadhani wanalipwa. Kuanzia saa 9 alasiri watu wanalala, na ole wako mtoto wako apige mpira. Wagiriki wana msemo, "siga siga", yaani pole pole, basi wanangu wakaona Kigiriki wameshakijua. Saa 2 usiku jua la Julai bado linawaka baharini, na kwenye migahawa pweza wamening'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa.

Sasa tuje kwenye ndoa. Nyumbani mkikwaruzana, mmoja anakwenda sebuleni, mwingine anajifungia chumbani na simu yake. Kwenye hema utakwenda wapi? Kikohozi cha jirani unakisikia, na yeye anasikia minong'ono yako. Usiku wa tatu, watoto walipolala, tulitoka tukakaa mchangani, mlango wa hema tukiuona.

"Mama Imani," akaanza, "nikikataa, iko siku nitakulaumu wewe. Nikikubali, wanangu watanijua kwa sauti ya simu."

Wiki tatu za meseji, na sentensi hiyo sikuwahi kuipata. Nami nikamwambia langu: cheo hakinitishi, ninachoogopa ni kuwa mama na baba kwa wakati mmoja. Hatukumaliza usiku ule, ila tulilala tukiwa tumeshikana mikono.

Kesho yake tulikwenda kwenye ngome ya Methoni, iliyojengwa na watu wa Venice baharini kabisa. Methoni na Koroni ziliitwa macho mawili ya Venice, kwa sababu ndizo zilizolinda njia ya meli zao.

"Umeona," mume wangu akachomekea, "hata Venice ilikuwa na macho sehemu mbili."

"Na mwaka 1500 Waosmani wakayachukua yote mawili," nikamjibu.

Tulicheka mpaka watoto wakatushangaa. Kicheko kile kilifungua mlango. Mpaka tunakunja hema tulishakubaliana: yeye atatangulia, sisi tutamfuata Januari shule zikifunguliwa, nami nitaomba kuhariri nikiwa huko huko Mwanza. Mhariri mkuu amekubali. Sasa natafuta nyumba.

Mkitaka kujaribu, Juni au Septemba joto ni nafuu. Viza ya Schengen, tangu Juni 2024, ni Euro 90 kwa mtu mzima na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Msiwashe kuni wala mkaa: kiangazi moto wa msituni huko umeua watu, na namba ya dharura ni 112. Siku moja nendeni Voidokilia, ufukwe uliopinda kama mwezi mchanga. Hakuna miavuli wala kioski, bebeni maji yenu. Na kama kuna jambo mnalikwepa nyumbani, libebeni nalo. Hema litawasaidia.