Chenga za Makaa

Mathe aliuza makaa Baba Dogo kwa miaka kumi na minne. Karo yangu yote ya sekondari ilipimwa kwa mkebe wake. Nilikuwa naona aibu. Shati langu la shule halikukosa alama ya vidole vyeusi, na wenzangu waliniita Makaa hadi kidato cha nne.

Mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje, serikali nayo ikasimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Bei ya gunia ikapaa. Mathe akajikaza. Kilichomshinda baadaye ni kifua. Daktari alimwambia achague, vumbi au pumzi, basi akafunga. Kwenye kibanda palibaki magunia mawili ya chenga, zile ambazo hakuna mteja hununua. Akakataa zitupwe.

"Hizi nililipia," akasema.

Mimi ndiye niliyesoma kuhusu bayocha, yaani makaa yanayotiwa shambani. Nikasoma kuhusu udongo mweusi wa Amazon, ulioachwa na wenyeji wa zamani na hadi leo una rutuba. Hapa kwetu pia, wakulima wa Embu, Kwale na Siaya wamejaribu majiko yanayopika chakula na kubakisha makaa ya kurudisha shambani. Nikajiambia, dawa si hii hapa? Nikalowesha chenga zisitimue vumbi, nikaziponda kwa jiwe, nikajaza gunia: nusu chenga, nusu udongo. Nikapanda sukuma wiki.

Baada ya wiki tatu majani yalikuwa manjano. Mathe akasimama mlangoni, akaangalia, akanyamaza kidogo.

"Sasa hata chenga umenimalizia."

Nilirudi kusoma, safari hii bila haraka. Kipande cha makaa kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kifikirie kama ploti ya huku kwetu, ghorofa juu ya ghorofa, singo zimebanana. Bakteria na kuvu huhamia humo. Maji hukaa humo. Viumbe wakubwa kidogo wanaowinda bakteria hawapiti kwenye mlango. Lakini ploti bila maji na chakula nani atapanga? Vijidudu karibu havili makaa yenyewe, ndiyo maana yanadumu ardhini miaka na miaka. Vinakula maganda, majani makavu, mbolea. Na katika kuvunjavunja hivyo vitu ndipo mmea unapata chakula chake. Tena makaa mapya yenyewe yana njaa. Yanaweza kushika nitrojeni ambayo sukuma ilikuwa inaihitaji. Nilikuwa nimejenga nyumba tupu, halafu nikashangaa mbona hakuna mtu.

Mara ya pili nilichanganya chenga na maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na mbolea ya mbuzi, nikalowesha, nikafunika kwa miezi miwili. Nilipofunua, harufu ilikuwa ya mvua ya kwanza, na minyoo walikuwa wamefika bila mwaliko. Udongo nilinunua. Ule wa kando ya mto, karibu na viwanda, sikuugusa. Makaa yanaweza kushika madini ya risasi, lakini hayayaondoi, na mathe si wa kufanyiwa majaribio.

Siku ya kujaza magunia, mathe alitoka nje amejifunga leso puani. Akaninyang'anya sepetu.

"Wewe hujui kupima."

Akaleta mkebe wake wa zamani. Mkebe mmoja wa mchanganyiko, mikebe minne ya udongo. Kila mara alisawazisha juu kwa kiganja, vile alivyowapimia wateja miaka yote ile.

Sukuma ilitoka kijani kizito. Sisemi mtu akate mti ili alishe udongo. Miti imelipa vya kutosha, na kifua cha mathe pia kimelipa. Bado anakohoa usiku. Lakini chenga zilikuwepo tayari, na alishazilipia.

Wateja wake wa zamani wakipita huwachumia majani mawili matatu, hataki pesa. Wanamwita Mama Makaa bado. Gunia la pili la chenga liko kibandani, na nimeonywa nisiliguse bila yeye na mkebe wake.