Leso ya Mama Mlimani Wanale

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale huliacha nyuma bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, hupita Iganga, kisha hushika njia ya Tirinyi. Nchi ni tambarare. Mashamba ya mpunga yameenea kando ya kinamasi cha mto Mpologoma, na gari hukimbia bila kona ya kumwamsha abiria aliyesinzia. Baada ya kilomita zipatazo 150 tangu kuuvuka mto Naili, ukuta wa mawe huinuka upande wa mashariki kana kwamba ardhi imekunjwa. Huo ndio Wanale, bega la Mlima Elgon. Mji wa Mbale umelala miguuni pake, na wakati wa mvua maporomoko ya maji huonekana toka mjini kama nyuzi nyeupe zilizoanikwa juu ya mwamba.

Wagisu, ambao wenyewe hujiita Bamasaaba, husimulia kwamba babu yao Masaba alikuwa na wana watatu, Mwambu, Mubuya na Wanale, na jina la huyo wa mwisho ndilo lililobaki mlimani. Mahali hapa basi ni kama mtu wa ukoo, na wenyeji hupataja kwa heshima ipasayo jamaa mkubwa.

Kazi za serikali zilinifikisha Mbale mwezi wa Septemba, mwaka 2024. Ulikuwa mwaka wa imbalu, yaani jando la Wagisu, ambalo hufanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Msimu hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji, na kwa miezi kadhaa inayofuata ngoma ya kadodi haitulii vijijini. Vijana huzunguka mbio kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, wakicheza na kuwaalika wajomba na mashangazi, hadi siku ya kisu. Siku hiyo kijana husimama uani mbele ya umati, miguu imekazwa juu ya ardhi, fimbo ameishika mabegani, macho wazi. Ngariba humaliza kazi yake kwa muda mfupi sana. Kijana asipotikisika wala kupepesa, kipenga hulia na wanawake hupiga vigelegele; akitikisika, aibu hiyo humfuata yeye na nyumba yao. Wanajeshi wengi waliopitia desturi hii wamepata kusema kwamba gwaride la kwanza la maisha yao lilikuwa hilo, na sajini wake alikuwa baba.

Mgeni anayewatazama vijana hao kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Hawa wanaojiandaa kwa tendo la kiume kupita yote wamejipamba kwa vitu vya kike. Shanga zimepishana kifuani, nazo ni za kuazima kwa dada na mashangazi. Wengine wamejifunga vitambaa vya kichwa vya mama zao, na wengine leso kiunoni, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kanga. Kengele zinalia mapajani, unga umepakwa usoni, ngozi ya mbega yaning'inia kichwani, na katikati ya ukali huo wote kuna maua mekundu ya kitambaa cha mama. Baada ya kisu, leso hurudi tena, safari hii kwa haja ya mwili: kidonda hakivumilii suruali. Kwa wiki kadhaa utawakuta vijana hao barabarani wakitembea polepole, miguu wameitanua, mkono mmoja umeivuta leso mbele isiguse.

Hakuna anayewacheka. Angalau ndivyo nilivyodhani hadi nilipofika karibu na mnara wa saa, katikati ya mji.

Hapo palikuwa na kijana wa miaka kumi na minane hivi, amevaa shati jeupe na leso ya rangi ya chungwa, nywele amezisuka mistari. Madereva wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria walianza kumpigia miluzi. Mmoja alimwita bibi harusi. Mwingine, mwenye mwili mkubwa, aliteremka toka pikipiki yake na kuishika ncha ya leso ile, akavuta. Kijana aliikumbatia nguo yake kwa mikono miwili bila kusema neno. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa akiuza vitunguu chini ya kivuli, alipopaza sauti: "Mwacheni mtoto wa watu! Hamwoni anavyotembea?"

Walimtazama miguu. Mara moja uso wa kila mmoja ulibadilika. Yule mkubwa aliachia nguo kama aliyeshika kaa la moto, akamwita kijana ndugu yake, akampakia pikipiki na kumpeleka kwenye zahanati alikokuwa akienda kusafishwa kidonda, bila kudai hata shilingi.

Nilimngoja arudi. Nilimuuliza, kwa upole ulionipasa mimi niliye mgeni, wangefanya nini kama kijana yule hakutoka jandoni. Alicheka. "Afande," alinijibu, ingawa mimi si askari, "tungemvua."

Ndugu msomaji, leso ilikuwa ile ile moja. Haikubadilika rangi wala urefu kati ya mluzi na heshima. Kilichobadilika ni sababu yake ya kuvaliwa. Basi yafaa tuulize aibu hukaa wapi, kwa kuwa ni dhahiri haikai katika kitambaa.

Wazee wa Wanale wanayo hadithi inayosaidia. Wasema kwamba Masaba alimpenda mwanamke aitwaye Nabarwa, wa watu wa jamii ya Kalenjin waishio upande mwingine wa mlima. Nabarwa alikataa kuolewa naye mpaka atahiriwe kama wanaume wa kwao. Masaba alikubali, na desturi ikabaki kwa wanawe. Kwa hiyo hata mwenye kujigamba kwa imbalu akumbuke kwamba, kwa masimulizi ya wazee wake mwenyewe, aliyeileta ni mwanamke.

Tena yapo yaliyoandikwa juu ya hao jamaa za Nabarwa. Ofisa mmoja wa Kiingereza, A. C. Hollis, alitoa kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905 na kingine juu ya Wanandi mwaka 1909. Humo aeleza kwamba wavulana wa Kinandi walipokaribia kutahiriwa walipewa nguo na mapambo ya wasichana wayavae, na wasichana nao, ilipofika zamu yao, walivaa nguo za wanaume. (Tohara ya wanawake imepigwa marufuku nchini Uganda kwa sheria ya mwaka 2010, na ni vema.) Vijana wa Kimasai waliokwisha kutahiriwa walivaa mavazi marefu ya kike na hereni za wanawake mpaka walipopona, ndipo wakawa morani. Hao ndio morani ambao hakuna mtu Afrika Mashariki aliyethubutu kuwaita waoga. Mzee mmoja wa Mbale alinieleza maana yake kwa maneno machache: mtoto wa kiume amelelewa upande wa wanawake, basi kabla ya kuuacha huuvaa mwilini ili kila mtu aone atokako. Sijui maelezo bora kuliko hayo.

Tukitoka nje ya jando, mambo ni yale yale. Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeuanzisha mji wa Mbale, alifika huku na wafuasi wake. Wenyeji wa mlimani walivaa ngozi. Kanzu, nguo nyeupe isiyo na miguu, ishukayo hadi kwenye vifundo, ilikuwa imefika Buganda toka Pwani pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19. Leo hakuna ukwe unaofanyika bila wanaume kuvaa kanzu na koti juu yake, na anayekuja na suruali peke yake ndiye anayeonekana kukosa adabu. Na gomesi, ambayo twaiita vazi la asili la mama zetu, ina jina la fundi cherehani wa Kigoa, Gomes, aliyekuwa akishona Uganda katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne. Vazi la asili ni lile tulilolikuta limetundikwa ukutani tulipozaliwa.

Askari wanayajua haya kuliko raia. Vikosi vya Scotland vilipigana Vita Kuu ya Kwanza vikiwa katika sketi za mikunjo, na walinzi wasimamao mbele ya Bunge la Ugiriki, pale Athens, hukanyaga gwaride katika sketi nyeupe ambayo, kwa hesabu yao, ina mikunjo 400, mmoja kwa kila mwaka wa utawala wa Waturuki. Idi Amin mwenyewe aliwapenda wapiga zumari wa Kiskoti hata akawavika wanamuziki wa jeshi lake sketi hizo. Huyo huyo, mwaka 1972, alitoa amri ya kuwakataza wanawake wa Uganda kuvaa sketi fupi. Mwanamume alivalishwa sketi kwa amri na mwanamke akakamatwa kwa sababu ya sketi, chini ya serikali moja.

Katika hilo la mwanamke ndipo ninapoona mzizi wa jambo. Siku hizi askari polisi wa kike huvaa suruali kazini, na wananchi husema amekuwa hodari. Msichana wa shule akivaa koti la kaka yake, tunatabasamu. Lakini mwanamume akijifunga leso ya mkewe ili aende kuteka maji bombani, majirani watasema amekaliwa. Kwa maneno mengine, mwanamke akivaa cha mwanamume huhesabiwa ameongezeka, na mwanamume akivaa cha mwanamke huhesabiwa amepungua. Hesabu hiyo haiwezi kuwa sahihi ila kwa yule aliyekwisha kuamua moyoni kwamba mama yake ni kitu pungufu. Nimewauliza hivyo wanaume kadhaa, na kila mmoja alikana kwa hasira kwamba hana mawazo hayo juu ya mama yake.

Hata hivyo si kila kijana mwenye leso barabarani ametoka jandoni. Yupo aliyeivaa kwa umaskini, yupo mwenye jipu, yupo mchezaji wa ngoma anayerudi kazini kwake, na yupo aliyeivaa kwa kuwa anaipenda, basi. Msomaji wa gazeti hili, hasa aliye na sare ya serikali, hahitaji kumpenda huyo wa mwisho wala kukubaliana naye. Lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 24, yakataza mtu yeyote kutendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa, wala haikutaja nguo gani aliyevaa. Mwaka 2014, ilipotiwa saini sheria dhidi ya picha na mambo ya utupu, makundi ya watu yalijichukulia madaraka ya kuwavua wanawake nguo njiani kwa kisingizio cha sketi fupi, na polisi ikabidi itoe onyo. Sehemu ya sheria hiyo iliyokuwa ikieleza kosa lenyewe ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021. Mkono uliozoea kuvuta nguo ya mwanamke hauoni taabu kuvuta ya kijana. Ni mkono ule ule, na konstebo aliyesimama karibu ndiye wa kuuzuia, kabla hajapiga hesabu ya nani amestahili.

Kesho yake nilipanda Wanale. Barabara huuacha mji ghafula na kuanza kupinda. Hewa hupoa, na matuta ya kabichi na vitunguu hushindana na kahawa na migomba kwa kila kipande cha udongo. Wenyeji hupanda miguu na magunia vichwani huku mgeni akihema ndani ya gari. Ukifika juu, zaidi ya mita 2,000 toka usawa wa bahari, Mbale yote yaonekana kama ramani ya darasani, na tambarare niliyoivuka hupotelea katika ukungu upande wa machweo.

Niliombea maji katika nyumba moja ya ukingoni. Mama mwenye nyumba alikuwa akianua nguo, na kati yake ilikuwamo leso moja iliyochakaa, maandishi yake yamefutika kwa sabuni. Nilimwambia kwa mzaha kwamba ameifua hata imekwisha. Alinijibu kwamba haikuchakaa kwa kufuliwa. Mwanawe wa kwanza aliivaa mwaka 2018 alipokuwa akiuguza kidonda, na wa pili ndiyo kwanza alikuwa ameirudisha wiki ile. Wa tatu, aliyekuwa akimenya matoke mlangoni, alidakia kwamba yeye ataitaka mwaka 2026.

"Ikifika wakati huo nitakununulia mpya," mama alisema.

"Hapana, mama," alijibu mtoto. "Hiyo hiyo."

Mama akaikung'uta, akajifunga kiunoni, akachukua jembe na kushuka kwenye kahawa.