Kitonga, mlima unaosema ukweli wa injini

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa huiacha Mikumi, akalipita bonde la mibuyu, kisha Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu hupangwa kando ya barabara. Baada ya hapo safari huanza kupanda. Ni Kitonga: kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yakitambaa kwa gia ndogo.

Hapa dereva mzoefu huzima redio na kushusha kioo, asikilize injini. Ubovu uliojificha kwenye barabara tambarare, Kitonga huutoa hadharani.

Mlio unaowatia wengi wasiwasi ni ule mwepesi wa ta-ta-ta-ta kutoka juu ya injini, kama cherehani. Mafundi husema tapeti zinagonga. Tapeti hupokea msukumo wa kemshafti na kufungua vali, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kati ya vyuma hivyo huachwa nafasi ndogo sana, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi, nafasi hiyo ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwa vali za kutoa moshi, ambazo hupata joto zaidi. Hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa.

Nafasi ikizidi, chuma hugonga chuma na kelele husikika. Ikipungua, injini hunyamaza, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Vali haifungi sawasawa, moto hupenya pembeni na kingo zake huungua. Gari hupoteza nguvu likiwa katikati ya mlima, limejaa watoto na mizigo, na lori liko nyuma. Kwa hiyo injini iliyo kimya si lazima iwe nzima.

Magari mengine yana tapeti za oili, zinazojaza nafasi hiyo zenyewe. Iringa mjini, asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari la aina hii laweza kugonga sekunde chache baada ya kuwashwa, kisha likatulia. Hilo si la kuogopesha. Likiendelea kugonga hata injini ikiwa na moto, jambo la kwanza ni kuchomoa stiki ya oili, injini ikiwa imezimwa na gari limesimama pasipo mteremko. Oili pungufu, chafu au isiyo ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ndiyo chanzo cha mara kwa mara, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kufungua injini.

Wapo wanaoshauriwa kuweka oili nzito ili kelele ipungue. Kelele yaweza kupungua kweli, lakini ubovu unabaki, na asubuhi ya baridi oili nzito huchelewa kufika juu. Mnunuzi wa gari lililotumika naye afike mapema, aliwashe likiwa baridi, asikilize mwenyewe.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaozidi gari linapopanda, ni habari nyingine. Huo, au taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili, haungoji kufika Ilula. Gari lisogezwe mahali salama, injini izimwe, abiria washuke na kukaa mbali na barabara, fundi aitwe.

Familia inayopanga safari ya likizo ifanye ukaguzi wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Gari lilale kwa fundi ili lipoe, naye apime kila vali kwa fila geji na kuandika vipimo kwenye karatasi. Mzazi aiombe karatasi hiyo. Fundi akisema tapeti ziko sawa bila kuwa na namba hata moja, bado hajazipima.