Udongo wa Songea, mshahara wa Berlin

Mtanzania anayeishi Ulaya hupimwa kwa nyumba aliyojenga kwao. Akienda likizo haulizwi sana habari za kazi yake. Anaulizwa amefikia wapi, naye anajua wanachotaka kusikia: kama msingi umeinuka, kama lenta imefungwa, kama bati limepanda. Ndiyo maana vijiji vyetu vya Songea, mkoani Ruvuma, vina maboma mengi ya tofali za kuchoma yasiyo na paa, majani yameota palipokusudiwa kuwa sebule, huku mwenyewe akipiga zamu za usiku Hamburg au Birmingham ili apate mifuko mingine ya saruji. Mimi najenga kwa udongo, tena kwa mshahara wa chama kisichotafuta faida, na mambo hayo mawili yamenifundisha somo moja: kazi njema ni ile inayoacha ujuzi mikononi mwa watu, hata mwenye fedha akiondoka.

Hapa Berlin nimeajiriwa na chama kinachowasaidia wageni wanaoanza maisha. Kwa sheria ya Ujerumani, watu 7 wakikubaliana jambo wanaweza kuandikisha chama mahakamani, na kikithibitika kuwa kinahudumia jamii kinapata nafuu ya kodi. Vyama vilivyoandikishwa ni takribani 600,000 nchi nzima: vya mpira, vya kwaya, vya kutetea wapangaji. Chetu kinashughulika na barua. Anakuja mama wa Goma na bahasha ya ofisi ya wageni, hajui kama ameongezewa kibali au ameambiwa aondoke. Tunaisoma pamoja kwa Kiswahili, namwonyesha tarehe ya mwisho ya kujibu imeandikwa wapi, na safari nyingine anakuja ameshaipigia mstari mwenyewe. Siku atakapoacha kunihitaji ndiyo siku kazi yangu itakuwa imefanikiwa. Mshahara si mkubwa, na mkataba huisha pale ufadhili wa mradi unapoisha. Wenzangu walioingia viwandani na kwenye maghala wananizidi kipato. Nimelipima hilo mara nyingi, na kila mara nimeamua kubaki.

Aliyenifungua macho kuhusu udongo makao yake ni mji huuhuu. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 Gando, kijiji cha Burkina Faso kisichokuwa na shule, akapelekwa mjini akiwa na miaka 7 ili asome. Mwaka 1985 alikuja Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, baadaye akasomea usanifu majengo Berlin. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, yeye na rafiki zake walianzisha chama cha kuchangisha fedha za kujenga shule Gando. Wanakijiji walisita alipowaambia kwamba itajengwa kwa udongo wao wenyewe, na walikuwa na sababu, kwa kuwa wamezoea kuona kuta za tope zikimomonyoka kila msimu wa mvua. Akachanganya udongo na saruji kidogo, matofali yakashindiliwa, paa la bati likainuliwa juu ya dari ya matofali ili joto lipate pa kutokea na mvua isizifikie kuta. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake wakaleta maji na kuipiga sakafu. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, yenye heshima kubwa kuliko zote katika fani yake. Kwangu mimi, lililo kubwa kuliko tuzo hizo ni kwamba watu waliojifunzia ujenzi Gando waliitwa kujenga na kwingine.

Wajerumani wenyewe wameurudia udongo. Katika mtaa wa Bernauer, palipopita Ukuta wa Berlin, lipo Kanisa dogo la Upatanisho. Kanisa la zamani lilinaswa katikati ya eneo la ulinzi wa mpaka, na serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua mwaka 1985. Ukuta ulipoanguka, waumini walijenga jipya mahali palepale kwa udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, wakachanganya humo vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa. Vijana wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walishiriki kazi hiyo, na kanisa likafunguliwa tarehe 9 Novemba 2000, miaka 11 kamili tangu mpaka ule kufunguliwa. Nchi isiyokosa chuma wala zege ilichagua udongo kuhifadhi mojawapo ya kumbukumbu zake nzito.

Baba mkubwa hakuupokea kirahisi mpango wangu wa kujenga kwa udongo. “Mwanangu,” aliniambia kwenye simu baada ya shikamoo na marahaba, “sisi tumetoka kwenye nyumba za tope, wewe umefika Ulaya unataka kuturudisha huko?” Sikumbishia. Kizazi chake kimelala kwenye nyumba za fito zilizokandikwa udongo, mchwa wakala miti, kunguni wakajificha kwenye nyufa, na kila baada ya mvua kubwa ukuta ukahitaji kukandikwa upya. Kwa miaka mingi pia walihubiriwa kwamba nyumba bora ni ya tofali za kuchoma na bati. Wanauchukia udongo kwa taabu waliyoiona kwa macho yao, na anayewasifia udongo bila kuijibu taabu hiyo anawavunjia heshima.

Jibu limo katika ujenzi wenyewe. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji unaondolewa. Kinachotumika ni ule mwekundu wa chini. Fundi anatia kiasi kwenye chupa nyeupe, anajaza maji, anatikisa na kuiacha itulie. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unakaa juu, na kimo cha kila tabaka kinamwambia kama aongeze mchanga. Saruji ni sehemu 1 kwa takribani sehemu 10 za udongo. Mchanganyiko wenye unyevu kidogo unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, yanatoka matofali ya kufungamana, yaleyale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Yanafunikwa turubai na kumwagiliwa maji kwa wiki moja hadi mbili. Ukuta unasimama juu ya msingi wa mawe ulioinuka, na bati linatokeza nje kuliko kawaida ili maji ya mvua yasirushe tope ukutani. Kazi yote hufanyika kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kabla mvua za Songea hazijaanza.

Tofali hizi hazipiti kwenye tanuri, na hilo peke yake lingetosha kunishawishi. Tanuri la nyumba moja hula magogo mengi, nasi wenyewe tunaona misitu ya miombo inavyozidi kurudi nyuma. Kisha kuna fedha. Nikinunua nondo na saruji, euro zangu zinapita kijijini bila kutua. Nikijenga kwa udongo, sehemu kubwa inawalipa wachimbaji, wabeba maji na vijana wanaoendesha mashine. Vijana waliojifunzia kwenye nyumba yangu wameshaitwa kujenga duka la jirani. Baba mkubwa bado hajasema kama amekubali.

Kati ya makazi haya mawili, kila moja linanipa na kila moja linanidai. Berlin imenipa bima ya afya, haki ya kuendelea kulipwa ninapougua, na uhuru wa kufanya kazi ninayoiamini. Imeninyima misiba: mama mdogo nimemzika kwa kutazama kioo cha simu. Songea inanidai ada, dawa na michango ya harusi bila kupumzika, lakini ndiko ninakojulikana mimi ni mtoto wa nani. Hata historia inanivuta pande mbili. Songea ndipo Wajerumani walipowanyonga viongozi wa vita vya Maji Maji mwaka 1906. Hapa Berlin, katika eneo la Wedding, kulikuwa na barabara iliyopewa jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters mwaka 1939. Tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Mabadiliko hayo ya jina yalidaiwa kwa miaka mingi na vyama vidogo kama chetu.

Kisha sheria inakutaka uchague. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu tarehe 27 Juni 2024, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Pasi yangu ni ya Tanzania, na itabaki hivyo, kwa sababu hatimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni ya raia.

Ndugu zangu wa ughaibuni, kabla hamjatuma fedha za kuinua boma, ulizeni mambo mawili: nani kijijini atalipwa, na nani atabaki na ujuzi? Mtafuteni fundi anayeujua udongo, mumlipe vizuri, naye mumtake afundishe vijana. Jengeni vyumba vitakavyolaliwa na watu mnaowajua kwa majina. Na wewe unayetamani kazi ya kuhudumia watu lakini unaogopa kwamba haitakujengea nyumba, punguza nyumba. Mshahara wa kazi unayoiamini utatosha.