Kumbe zile fujo alizipenda

Aliyeizoea The Melancholy of Haruhi Suzumiya, ile anime ya vichekesho iliyoanza kwenye TV ya Japani mwaka 2006, alikaa mbele ya filamu ya 2010 akijiandaa kucheka. Wapi! The Disappearance of Haruhi Suzumiya ni baridi ya Desemba na ukimya, kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Kwenye mfululizo, kazi ya kijana msimulizi ni kulalamika. Binti anamburuta huku na kule, visa haviishi. Kwenye filamu, inafika tarehe 18 Desemba: binti hayupo darasani na wenzake wa klabu hawaikumbuki klabu yao. Yule rafiki asiyeonyesha hisia kawa msichana wa kawaida, mwenye haya, anayemshika mkono wa koti asiondoke.

Yaani ile amani aliyokuwa akiililia kapewa, tena bure. Kisha inakuja nafasi ya kubonyeza kitufe arudi kwenye vurugu zake. Anabonyeza. Baadaye anajihoji kama mtuhumiwa: hivi kweli hukufurahia?

Hapo ndo inapouma, maana akirudi, yule msichana mwenye haya ndo basi tena. Hakuwa na kosa lolote.

Filamu haijakana vichekesho vyake. Imeonyesha tu kwamba yale malalamiko yote yalikuwa ya mtu mwenye furaha asiyejijua.

Haya, ungekuwa wewe, ungebonyeza?