Jani Lisiguswe na Moshi

Baba yangu alilima tumbaku Urambo. Usiku wa kukausha alilala mlangoni mwa bani, akichochea kuni na kuamka kila mara kukagua mabomba. Tumbaku yetu ni ya mvuke: jani hukaushwa na joto la bomba, moshi hutolewa nje. Bomba likivuja, jani linanuka moshi na daraja linashuka sokoni. Sisi watoto ndio tuliokanda udongo wa kuziba nyufa. Tukimaliza tunaingia jikoni kwa mama kula, macho yanatiririka machozi, wala hakuna aliyewaza kuutoa moshi ule.

Moshi wa jikoni tuliuona mtumishi wa nyumba. Ulifukuza mbu. Ulipaka masizi mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya mafiga, dumuzi asiyaguse. Na dumuzi, kwa taarifa yako, Afrika alionekana kwanza huku kwetu Tabora.

Nilipoolewa Mtendeni, Tabora mjini, nikaanza kuuza maharage na chapati. Jiko langu lilikuwa na kidirisha kimoja, nacho nilikiziba kwa gunia kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Miaka 19. Kichwa kikiuma nameza vidonge, naendelea kusukuma chapati.

Kikohozi kilipokataa kuondoka nikapimwa makohozi. Si kifua kikuu. Nimeshajifunga kanga niondoke, tabibu, kijana wa kumzaa, akaniuliza:

"Mama, unavuta sigara?"

Nikacheka. "Tumbaku nimeilima, sijaionja."

"Basi unapikia wapi?"

Akanieleza habari za chembe za moshi zisizofika mikromita 2.5, nyembamba mno kuliko unywele, ambazo pua haizikamati. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Akataja benzini, inayoleta saratani ya damu. Na mkaa niliopikia nikiuona msafi kwa kuwa hautoi moshi mwingi, unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kumbe ndiyo iliyoniumiza kichwa! Mimi nilikuwa nawaza mabomba ya baba tu.

Siku hiyo nikang'oa gunia. Mtungi wa gesi ulikuja baadaye, kwa fedha za kuchangishana kikobani. Mei 2024, Rais Samia alipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, chapati zangu zilishahamia gesi. Maharage bado. Maharage yanakunywa gesi. Nayaloweka usiku, nayachemsha kwa mkaa nje, chini ya mwembe. Sijatubu kabisa. Kifua nacho kimepungua, hakijapona.

Mwaka jana nikaenda Urambo kumtobolea mama dirisha. Alisimama na ufagio wake akinitazama.

"Na mbegu zangu utazifukiza wewe?"

Nilikuwa nimembebea mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Akajaza mmoja, akaufunga kwa kamba mbili. Mahindi yaliyobaki akayarudisha juu ya mafiga.

"Tutaona, mwanangu, nani mwongo."